Safu Isiyoandikwa: Kipande, Kitambulisho na Akili Mnemba katika Historia ya Faragha Afrika Mashariki

Ikisiri

Mijadala kuhusu akili mnemba na faragha katika Afrika Mashariki mara nyingi huanza na sheria za mwaka 2019 na kuendelea, kana kwamba tatizo lilizaliwa pamoja na kompyuta. Makala haya yanalirudisha suala hilo katika historia ya karne moja ya uandikishaji wa watu: kipande nchini Kenya, kadi ya kitambulisho nchini Rwanda, daftari za wakimbizi Kaskazini Mashariki mwa Kenya, na usajili wa kidijitali wa miaka ya karibuni. Hoja inayojengwa ni kwamba kwa muda mrefu faragha ya wananchi ililindwa na ugumu wa kupekua makaratasi kuliko ilivyolindwa na sheria. Akili mnemba imeuondoa ugumu huo. Zaidi ya hayo, imewezesha kuijaza kwa makisio safu ambayo mwananchi hakuulizwa wala hakuiandika. Makala yanapendekeza kwamba sheria za ukanda huu ziyahesabu makisio ya mashine kuwa ukusanyaji wa taarifa binafsi.

Maneno muhimu: faragha, taarifa binafsi, akili mnemba, kipande, kitambulisho, usajili

1.0 Utangulizi

Katika majengo mengi ya ofisi ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, mgeni hupokewa na mlinzi mwenye kitabu. Mgeni huandika jina lake, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mtu anayekwenda kumwona na saa aliyoingia. Kitabu kikijaa hutupwa stoo na kingine hufunguliwa. Kwa miaka mingi utaratibu huo haukuwatia watu hofu kubwa, na sababu yake ni nyepesi: hakuna mtu mwenye muda wa kukaa akisoma vitabu mia vya wageni ili ajue nani alimtembelea nani. Taarifa zilikuwepo, lakini zililala.

Leo kurasa hizo zinaweza kupigwa picha kwa simu, mwandiko ukasomwa na mashine, majina yakapangwa na kulinganishwa na orodha nyingine kwa muda mfupi. Kitabu hakikubadilika, wala mlinzi hakubadilika. Kilichobadilika ni gharama ya kukipekua. Mfano huu mdogo unabeba kiini cha makala haya.

Kabla ya kuendelea, istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa. Faragha hapa ina maana ya uwezo wa mtu kuamua nani ajue nini kumhusu, na kwa ajili gani. Taarifa binafsi ni habari yoyote inayomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Akili mnemba, ambayo kwa baadhi ya waandishi huitwa akili unde au akili bandia, ni mifumo ya kompyuta inayojifunza ruwaza kutoka katika wingi wa data kisha ikazitumia kutambua, kukisia au kuamua. Neno la kushikwa zaidi katika fasili hiyo ni kukisia, kwa kuwa ndilo linalotenganisha zama hizi na zilizotangulia.

Wazo la faragha si geni katika ukanda huu. Nyumba ya Mswahili wa pwani ilijengwa kwa daka, ukumbi na vyumba vya ndani, na kila mgeni alijua mpaka wake. Methali inayosema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata nayo inatambua jambo ambalo sheria za leo hulieleza kwa maneno mengi: anayeteka ndiye ajuaye kilichomo. Historia inayofuata ni ya makata yaliyotengenezwa na dola, na ya watu waliotekwa siri zao bila kuulizwa.

2.0 Mwili Kugeuzwa Namba: Kipande nchini Kenya

Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilitungwa nchini Kenya mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi iliyokuwa na jina lake, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za kazi alizofanya. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichofungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Watu wakakiita kipande.

Lengo la kipande lilikuwa kudhibiti nguvukazi. Mfanyakazi aliyeondoka shambani kwa mlowezi bila kutiwa saini ya kuruhusiwa hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, na akikamatwa angeweza kushtakiwa kuwa mtoro. Nakala ya taarifa zake ilibaki katika ofisi ya usajili Nairobi, hivyo hata aliyekitupa kipande chake aliweza kutambuliwa kwa vidole vyake. Waajiri nao walikitumia kuandika maoni juu ya mwenendo wa mfanyakazi, na maneno machache ya hasira yaliweza kumfuata mtu kwa miaka.

Kilichowezesha mfumo huo kilikuwa ugunduzi wa kiufundi. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Bengal, Edward Henry akisaidiwa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose alitengeneza njia ya kuzipanga alama za vidole kumi kwa fomula ya namba, ili faili ya mtu ipatikane miongoni mwa maelfu bila kulijua jina lake. Mwaka 1901 polisi wa London waliichukua njia hiyo, na ikaenea katika himaya ya Uingereza. Inafaa kuutazama ugunduzi huo kama babu wa mifumo ya leo ya utambuzi. Kwa mara ya kwanza mwili wa mtu uligeuzwa namba, na namba hiyo ikaweza kusema bila mwenyewe kufungua kinywa.

Waafrika hawakunyamaza. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya chama cha East African Association kilichoongozwa na Harry Thuku, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na risasi zikaua watu zaidi ya 20. Katika kumbukumbu za kisiasa za Kenya tukio hilo huhesabiwa kuwa chimbuko la harakati za ukombozi. Ni nadra kukumbukwa kwamba sehemu ya kilichokuwa kikipingwa siku ile ni jambo ambalo leo lingeitwa ukiukaji wa ulinzi wa taarifa binafsi.

Mwisho wa kipande nao una funzo. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 1947 ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe. Walowezi wa Kizungu walipoambiwa kwamba nao watachukuliwa alama za vidole walipinga kwa nguvu, wakisema ni fedheha kutendewa kama wahalifu. Hoja yao ilikuwa sahihi, ila ilikuwa imechelewa kwa miaka 30, na haikuwahi kutolewa kwa ajili ya Waafrika. Upinzani huo unathibitisha kwamba watawala waliielewa vyema thamani ya faragha. Waliigawa kwa rangi ya ngozi.

3.0 Safu Moja katika Kadi: Rwanda

Ikiwa kipande kinaonyesha jinsi daftari linavyoweza kumfunga mtu kazini, Rwanda inaonyesha jinsi safu moja ya daftari inavyoweza kugeuzwa silaha. Katika miaka ya 1930, baada ya sensa ya 1933 na 1934, utawala wa Ubelgiji ulitoa kadi za kitambulisho zilizomwandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Makundi hayo yalikuwepo kabla ya ukoloni, lakini mipaka yake haikuwa ya chuma. Kadi iliigandisha. Mtoto aliandikwa kwa kundi la baba yake, na maandishi yakawa hatima.

Safu hiyo haikuondoka na Wabelgiji. Serikali zilizofuata uhuru wa mwaka 1962 ziliendelea nayo kwa ajili ya mgawanyo wa nafasi za masomo na ajira. Watu walizaliwa, wakasoma na kuzeeka wakiwa na neno lile mfukoni, na kwa wengi lilionekana kuwa jambo la kawaida la kiofisi. Rejista za komini zilikuwa na habari ileile.

Katika Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini Agosti 1993, pande mbili zilikubaliana kwamba serikali ya mpito itakayoundwa iondoe utajo wa kabila katika hati zote mpya. Serikali hiyo haikupata kuundwa kama ilivyokubaliwa. Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, safu ilikuwa bado katika kadi. Katika vizuizi vya barabarani watu walidaiwa vitambulisho, na neno moja lililoandikwa na karani likatosha kuamua nani apite na nani auawe.

Ni lazima tahadhari ichukuliwe hapa. Kadi haikuyasababisha mauaji ya kimbari. Yalikuwa na waandaaji, itikadi, vyombo vya habari vya chuki na majirani waliowajua majirani zao. Hata hivyo, kadi ilirahisisha kazi pale ambapo muuaji hakumjua aliyesimama mbele yake. Taarifa iliyokusanywa kwa ajili ya utawala ilitumika kwa kusudi ambalo hakuna karani wa 1934 aliyeliwaza, na watu wenyewe hawakuwa na njia ya kuifuta.

Baada ya 1994 Rwanda iliondoa utajo wa kabila katika vitambulisho. Uamuzi huo ni miongoni mwa hatua kubwa za ulinzi wa taarifa binafsi katika historia ya ukanda huu, ingawa ni nadra kuelezwa kwa lugha hiyo. Ulijengwa juu ya kanuni nyepesi: taarifa ambayo haikuandikwa haiwezi kutumiwa vibaya. Uhai wa kanuni hiyo katika zama za akili mnemba ndilo swali la sehemu ya sita ya makala haya.

4.0 Alama ya Kidole Isiyosahau: Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Kisa cha tatu ni cha karibu zaidi, nacho kinahusu mashine kuliko karatasi. Wasomali wa Kenya wamekuwa na historia ndefu ya kudaiwa uthibitisho wa uraia. Mwaka 1989 serikali iliwapitisha katika mchujo maalumu, na waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi za kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Miaka miwili baadaye dola ya Somalia ilianguka, na kambi za wakimbizi zikafunguliwa Dadaab.

Kambini kulikuwa na chakula, matibabu na shule. Nje ya kambi, vijiji vya Wakenya vilikuwa katika ukame. Familia nyingi zilijiandikisha kama wakimbizi ili watoto wapate kula, na baadhi ya walioandikishwa walikuwa wadogo mno kuelewa kilichokuwa kikifanyika. Uandikishaji ulipoanza kuchukua alama za vidole na kuzihifadhi katika kanzidata, tendo la siku ya njaa likawa kumbukumbu ya kudumu. Walipofikia umri wa miaka 18 na kwenda kuomba vitambulisho vya taifa, mashine ilizilinganisha alama zao na orodha ya wakimbizi, ikatoa jibu: mtu huyu si Mkenya.

Maelfu walikwama katika hali hiyo, iliyokuja kujulikana kama usajili maradufu. Asiye na kitambulisho hawezi kuajiriwa rasmi, kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu, wala kupiga kura. Wazee wa kijiji waliwajua vijana hao, walimu waliwafundisha, na wazazi wao walikuwa na vitambulisho vya Kenya. Ushahidi wote huo wa binadamu ulishindwa na ulinganifu wa mashine.

Tofauti na kipande inaonekana wazi. Mfanyakazi wa 1925 aliyetaka kuficha utoro wake alikuwa na tumaini kwamba karani atachoka au faili itapotea. Kijana wa Garissa hakuwa na tumaini hilo. Mashine haichoki, na kidole hakisahauliki. Aidha, daftari mbili zilizoanzishwa kwa makusudi tofauti, moja ya kulisha na nyingine ya kutambua raia, zilipokutanishwa zilizaa matokeo ambayo hakuna iliyokusudia kuyaleta.

5.0 Usajili Kwanza, Sheria Baadaye

Ukiziweka tarehe za ukanda huu kando kwa kando, utaratibu mmoja unajitokeza. Uganda iliandikisha raia wake kwa wingi kuanzia mwaka 2014 kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ikapatikana mwaka 2019. Tanzania ilianzisha Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Rwanda ilitoa kitambulisho kipya mwaka 2008, na sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya Oktoba 2021. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata Kanuni ya Kidijitali Machi 2023. Mara kwa mara mavuno yalitangulia, uzio ukajengwa baadaye.

Kenya ndiyo nchi ambamo utaratibu huo ulipingwa mahakamani kwa uwazi zaidi. Mwishoni mwa 2018 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoanzisha mfumo wa kitaifa wa utambulisho uliojulikana kama Huduma Namba. Sheria iliruhusu kuchukuliwa hata kwa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Uandikishaji ulifanyika kati ya Aprili na Mei 2019, na mamilioni ya watu walijipanga foleni. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba mwaka huohuo, ikiwa ni miezi kadhaa baada ya taarifa kukusanywa.

Miongoni mwa waliokwenda mahakamani lilikuwa Jukwaa la Haki za Wanubi, jamii ambayo kwa vizazi kadhaa imepata taabu ya kutambuliwa kuwa raia. Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuchukua vinasaba na vipimo vya mahali kunakiuka Katiba, na kwamba mfumo usiendelee hadi kuwe na sheria na kanuni za kutosha. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilitoa uamuzi mwingine kwamba utoaji wa kadi haukuwa halali, kwa sababu serikali haikufanya tathmini ya athari kwa ulinzi wa data kama sheria inavyotaka. Uzito wa uamuzi huu wa pili ni kwamba Sheria ya 2019 ilitumika hata kwa taarifa zilizokusanywa kabla haijatungwa.

Tukio la Worldcoin lilifuata muda si mrefu. Kufikia katikati ya 2023 Wakenya wapatao 350,000 walikuwa wamepigwa picha za mboni za macho na mradi huo wa kigeni, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali iliusimamisha mradi Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Foleni za Nairobi zilionyesha kwamba ridhaa inayotolewa na mtu mwenye shida ya pesa, kwa fomu asiyoielewa, haina uzito ambao wanasheria huipa. Katika jambo hilo hakuna umbali mkubwa kati ya mboni iliyopigwa picha Nairobi na kidole kilichotolewa Dadaab kwa ajili ya posho ya chakula.

6.0 Akili Mnemba na Safu Isiyoandikwa

Visa vilivyotangulia vinashiriki jambo moja. Katika kila kimoja kulikuwa na tendo la kuandika: karani aliandika jina, kabila au alama ya kidole, na mtu angeweza angalau kujua kwamba ameandikwa. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zimejengwa juu ya tendo hilo. Zinadai mtu aarifiwe taarifa inapokusanywa, kusudi litajwe, na ridhaa au msingi mwingine wa kisheria uwepo. Mlango wa kukusanyia ndio unaolindwa.

Akili mnemba haipiti lazima katika mlango huo. Mfumo uliofunzwa kwa wingi wa data unaweza kukisia habari ambayo mtu hakuitoa. Nchini Kenya majina ya watu wengi huashiria jamii wanakotoka. Ukiunganisha jina, mahali pa kuzaliwa, kituo cha kupigia kura na watu anaowatumia pesa kwa simu, kabila linaweza kukisiwa bila mtu kuulizwa. Ununuzi wa dawa unaweza kuashiria ugonjwa. Mienendo ya simu usiku inaweza kuashiria ndoa, ibada au msimamo wa kisiasa. Safu iliyofutwa katika kadi inaweza kuandikwa upya mahali ambapo mwenyewe hawezi kuiona, na kwa sababu ni makisio, inaweza pia kuwa ya uongo.

Hapo ndipo kanuni iliyozaliwa Rwanda baada ya 1994 inapojaribiwa. Kutoandika kulitosha pale ambapo kujua kulitegemea kuandika. Leo dola, kampuni au kundi la kisiasa linaweza kudai kwa ukweli kamili kwamba halikukusanya habari za kabila, huku likiwa na mashine inayozitoa kila inapohitajika.

Dalili za hatari hiyo zimekwisha kuonekana. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kupitia tovuti ya serikali kwamba wameandikwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa bila ridhaa yao, na malalamiko yakafikishwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nchini Uganda, polisi walithibitisha mwaka 2019 kwamba kamera za usalama zilizowekwa Kampala zina uwezo wa kutambua sura. Uso, tofauti na kidole, hauhitaji kuombwa. Mtu akipita barabarani amekwisha kuutoa. Aidha, tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka kwa vitambulisho vya taifa. Hatua hiyo ni neema kwa wafanyabiashara na wanafunzi, lakini pia inayasogeza madaftari ya nchi tatu karibu zaidi.

Sheria zilizopo hazikosi pa kuanzia. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kenya na cha 27 cha Sheria ya Uganda vinampa mtu haki dhidi ya maamuzi yanayofanywa na mitambo pekee, na sheria za Tanzania na Rwanda zina masharti ya namna hiyo. Hata hivyo, haki hiyo inamfaa anayejua kwamba uamuzi umefanywa na mtambo. Aliyenyimwa mkopo au aliyewekwa katika orodha ya kufuatiliwa mara nyingi hajui. Sheria ya Kenya inaposema taarifa nyeti ni zile zinazofichua asili ya kikabila, afya au imani ya mtu, neno zinazofichua linaweza kusomwa kwa upana, likajumuisha hata zile zinazofichua kwa njia ya makisio.

Usomaji wa namna hiyo una mfano nje ya Afrika. Agosti 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Lithuania, iliyohusu kutangazwa kwa majina ya wenzi wa watumishi wa umma. Iliamua kwamba jina la mwenzi linaloweza kufichua mwelekeo wa kijinsia wa mtu kwa njia isiyo ya moja kwa moja linastahili ulinzi uleule wa taarifa nyeti. Mahakama za Afrika Mashariki hazifungwi na uamuzi huo. Lakini zina historia yenye uzito zaidi ya kuegemea. Ulaya ilijadili orodha iliyochapishwa mtandaoni. Ukanda huu una kumbukumbu ya vizuizi vya barabarani.

Pingamizi moja linastahili kupewa nafasi. Husemwa kwamba nchi zinazoendelea haziwezi kumudu faragha, kwa kuwa data ndiyo itakayowezesha tiba bora, kilimo bora na mikopo kwa wasio na dhamana. Faida hizo zinawezekana, na usajili wenyewe una upande wake wa heri: asiyeandikwa popote hana cheti, hana haki ya kudai na haonekani kwa serikali. Kijana wa Garissa hakutaka kufutwa katika madaftari. Alitaka kuandikwa katika daftari sahihi. Kwa hiyo uchaguzi ulio mbele ya watunga sera haumo kati ya kuandika na kutoandika. Umo kati ya daftari lenye mpaka na daftari lisilo na mpaka.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kwa karne moja wananchi wa Afrika Mashariki walikingwa na uchache wa makarani, vumbi la stoo na umbali kati ya ofisi na ofisi. Kinga hiyo haikuandikwa katika sheria yoyote, ndiyo maana kuondoka kwake hakukutangazwa. Sheria zilizotungwa tangu 2019 ni hatua kubwa, lakini zililenga tendo la kukusanya, ilhali tendo la hatari limehamia katika kuunganisha na kukisia. Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi zitamke wazi kwamba makisio ya mashine kumhusu mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, na kuyazalisha ni kuyakusanya. Makisio kuhusu kabila, afya, imani na msimamo wa kisiasa yahesabiwe kuwa taarifa nyeti hata kama yametokana na data za kawaida.

Pili, tathmini ya athari ifanywe na kuchapishwa kabla ya mfumo kununuliwa. Uamuzi wa Oktoba 2021 nchini Kenya ulitolewa baada ya fedha za umma kutumika na taarifa kukusanywa. Tathmini inayofanywa wakati huo inakuwa hesabu ya hasara.

Tatu, kuunganishwa kwa kanzidata mbili zilizoanzishwa kwa makusudi tofauti kuhitaji idhini mahususi ya kisheria, na ulinganifu wa mashine usiwe ushahidi wa mwisho dhidi ya mtu. Ushahidi wa wazee, walimu na wazazi upewe njia rasmi ya kusikilizwa, yenye muda maalumu wa kutolewa uamuzi.

Nne, maelezo yote yanayomtaka mtu atoe taarifa au yanayomjulisha uamuzi yatolewe kwa Kiswahili na lugha nyingine anayoielewa. Hapa wataalamu wa Kiswahili wana kazi mahususi. Istilahi za faragha na akili mnemba bado zinatofautiana kutoka nchi hadi nchi, na mtu hawezi kukataa jambo ambalo hakuelezwa kwa jina analolijua. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yanaweza kusanifu msamiati huo pamoja na mamlaka za ulinzi wa data.

Safu ya kabila katika kadi ya Rwanda iliafikiwa kuondolewa Agosti 1993, na ilikuwa bado imo Aprili 1994. Miezi minane ilitosha kuifanya ahadi njema kuwa bure. Mashauriano kuhusu mikakati ya akili mnemba yanaendelea katika miji mikuu ya ukanda huu, wakati kamera zinafungwa, vidole vinachukuliwa na mifumo inafunzwa. Kasi ya watunga sheria ndiyo itakayoamua iwapo safu isiyoandikwa itawekewa mpaka kabla haijapata wa kuitumia.